Darubini Iliyomchukua Mama

Nyie wenzangu mliozeeka kama mimi, hivi mna harufu ambayo ikiwapata puani tu mnarudi kuwa watoto, mnatafuta pa kujificha? Yangu mimi ni ya mkoba wa ngozi uliokaa kabatini na kafuri, ngozi iliyoota kuvu ikafutwa, ikaota tena ikafutwa tena. Juzi imenikuta mjini Morogoro, dukani, mchana kweupe, mbele za watu.

Mjukuu wangu Imelda kazi yake ni kutembeza wageni milimani. Anawaonyesha maporomoko, vinyonga, na hao ndege wanaowatoa watu makwao kuja kututembelea. Akaniambia, "Bibi, nisindikize nikachague darubini." Mimi na macho yangu haya yenye mtoto wa jicho nikachague darubini! Lakini safari ya mjini mimi siikatai, hata ukinialika kwa daktari wa meno nakuja, tena navaa kitenge kipya.

Mwenye duka kijana mpole, katuamkia vizuri, kaniwekea na kiti. Akaleta ya kwanza, lidude kama chupa mbili za chai zimefungwa pamoja.

"Dada, hii ndiyo habari ya mjini. Inavuta mbali hii! Unamwona nyani, unamwona na chawa wake."

"Kaka, hiyo siitaki," Imelda akasema. "Ikivuta sana hivyo, mkono ukitikisika kidogo na mlima unatikisika. Mwenzangu anayo. Wageni wake wanaona ndege wanacheza ngoma."

Nikacheka mimi, jino langu la pembeni likacheka na lenyewe. Akaleta ya pili, kadogo, kanakunjika kanaingia mfukoni. Imelda hakutazama nayo barabarani kwenye jua. Akaenda nayo kule nyuma kwenye maboksi, penye kiza, akachungulia. Akarudi anatingisha kichwa. "Hii jua likiwepo nzuri. Ila msituni kwetu saa sita mchana ni kama magharibi, sitaona kitu."

"Basi ngoja," kijana akasema, "nina moja ya mtumba, ya zamani, vioo vyake hutavipata siku hizi." Akainama, akatoa mkoba wa ngozi, akafungua kifuniko.

Ile harufu ikatoka.

Jamani. Nilimshika Imelda mkono mpaka akapiga kelele. Jasho hili hapa. "Bibi, vipi, presha?" Nikamwambia, siyo presha, funga huo mkoba. Kijana wa watu kaufunga haraka kadhani kuna nyoka humo ndani. Na mimi nimekaa pale kwenye kiti, bibi mzima, namtafuta mama yangu.

Sasa nisikilizeni niwaambie.

Sisi kwetu ni huku Matombo, juu, siyo pale barabarani kwenye misheni. Unapanda mpaka unasema nimefika, halafu unaambiwa bado. Nyumba yetu ilikaa mgongo huu wa mlima, shamba la mama liko mgongo ule wa pili, katikati bonde na mto. Ukitaka kwenda, unashuka mpaka unasahau jua, halafu unaparamia. Lakini kwa macho ni hapo tu. Ukisimama uani unaliona shamba limeegemea mlima kama shuka lililoanikwa.

Na kwa kuwa kwa njia ni mbali na kwa macho ni karibu, watu wa kwetu tunazungumza kwa kuitana. Mtu yuko ng'ambo, unamwita kwa kuvuta, naye anaitikia kwa kuvuta, mnaulizana habari za mgonjwa, mnaombana moto, mnatetana hata. Ila ilikuwa na adabu yake. Mtu wa mbali unamwita kwa sauti. Mtu mzima akiwa karibu na wewe, uso kwa uso, unamwamkia taratibu, umeshusha macho. Mtoto akimpigia kelele mtu mzima aliye karibu, hilo kofi lake lilikuwa halichelewi. Na ukiitwa, unaitika. Asiyeitika ni mgonjwa, au ana jambo.

Mama yangu alikuwa na sauti, nyie! Bonde zima wanaijua. Akiwafukuza ngedere kule kwenye mahindi, mbuzi wa huku wanasimama masikio. Baba alikuwa kibarua kwenye mkonge, tunamwona kwa msimu, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mama, mimi, na dada Bibiana, mtoto wa mama mkubwa, ambaye alikuja kukaa na sisi. Na mjomba Pius nyumba ya juu yetu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba Pius akikohoa, mnanyamaza wote.

Basi akaja mgeni. Mzungu, mrefu, mwembamba, kafikia misheni kwa mapadri. Shida yake ndege. Siyo kuwala, kuwatazama! Watu wakamwita Bwana Ndege, naye akafurahi nalo. Akamtafuta mjomba ampeleke msituni juu, mana mjomba alikuwa anazijua njia. Akaja nyumbani na mikoba miwili ya ngozi shingoni, inanuka vile nilivyowaambia. Akamwambia mjomba kwa Kiswahili chake cha kukanyagakanyaga: chagua moja, wewe utatumia hii safari.

Moja kubwa, ya shaba shaba, nzito kama kinu. Nyingine ya kadiri, nyepesi. Watu wameshajaa uani. Mjomba akaishika ile nyepesi, akaipima mkononi, akamtazama mgeni, akatutazama sisi. Akaiweka chini, akachukua lile kubwa.

"Pius, hiyo itakuchoka shingo," Bwana Ndege akamwambia.

"Shingo yangu imebeba mikungu ya ndizi tangu sijaota ndevu," mjomba akasema. "Mtu mzima hachukui kitu kidogo na kikubwa kipo."

Wote tukaona mjomba kasema neno. Akalivaa, akatembea nalo uani akaenda akarudi, kifua mbele. Halafu moyo wake ukawa mzuri, akaniita. "Skolastika, njoo uone dunia."

Akanishikia, mana mimi nisingeliweza, akalielekeza ng'ambo, akazungusha kile kigurudumu cha katikati. Kwanza nikaona weupe kama maziwa. Halafu kijani. Halafu, Yesu na Maria, nikamwona mama.

Mama yuko hapa. Hapa, mbele ya pua yangu! Naona kilemba chake cha kaniki, naona jasho linashuka shavuni, naona lile kovu la nyusi. Jembe linapanda linashuka. Na mimi nikafanya kama nilivyofunzwa. Yuko karibu, kwa hiyo nikashusha sauti, nikasema taratibu, "Mama. Shikamoo mama."

Hakuitika.

Nikasema tena. Akainua jembe, akalishusha, hata jicho halikunigeukia. Jembe linaingia kwenye udongo halina mlio. Halafu akasimama, akaelekea upande wangu kabisa, akafungua mdomo wazi, mpana, mishipa ya shingo imemsimama, na ndani ya ule mdomo haikutoka sauti. Hata kidogo. Mama yangu mimi, yule mwenye sauti ya bonde zima.

Mjomba akaondoa darubini, anampa mtu mwingine. Nikatazama kwa macho yangu, mama karudi kuwa kidoa cheusi kule ng'ambo. Wenzangu wanachekelea, wanagombea zamu. Mimi nimekauka.

Nikamwendea dada Bibiana jikoni, alikuwa anamenya mihogo. Sikumwambia ni mama. Nilijua nikilitaja litakuwa kweli. Nikamuuliza, "Dada, mtu akiamkiwa karibu kabisa na haitiki, analima tu, ana nini?"

Bibiana alikuwa anapenda kutisha watoto, ndiyo ilikuwa sinema yake. Hata hakuinua kichwa. "Analima tu? Hasemi?"

"Anafungua mdomo, sauti haitoki."

"Ee, huyo msukule huyo. Wachawi wameshamchukua. Wanamkata ulimi, wanamlimisha kwenye mashamba yao, chakula chake pumba."

"Na kwao hawajui?"

"Watajuaje? Wachawi wanaacha mgomba. Wanaugeuza unakuwa kama yule mtu, mnakaa nao ndani, mnadhani ni ndugu yenu, kumbe mgomba." Akatupa muhogo kwenye sufuria. "Umemwona wapi?"

Nikasema sijamwona. Nikauliza la mwisho, kwamba msukule anarudi? Akasema akionja chumvi akili zinamrudia. Ila nani atampelekea?

Sasa nyie watu wazima mshajua. Ngedere walikuwa wamemsumbua mama wiki nzima kwenye mahindi, kafukuza kapiga kelele mpaka koo limefunga, siku ile ndiyo sauti imekatika kabisa. Basi. Lakini mimi nilikuwa mtoto ambaye hata meno ya mbele hayajarudi, na nimemwona kwa macho yangu.

Jioni akarudi. Nilisikia nyayo uani, roho ikaniruka nimkimbilie, halafu nikasimama. Akaingia kimya. Mama hajawahi kuingia kimya tangu nizaliwe! Alikuwa akianza kuzungumza kule mtoni, anafika mlangoni habari iko katikati. Leo kafunga kitambaa shingoni, ananiashiria kwa mkono, lete maji. Bibiana yeye alikuwa ameshakwenda nyumba ya juu kuwapikia mjomba na mgeni wake. Tulikuwa wawili.

Nikamletea maji nimenyoosha mkono mpaka mwisho, asinifikie. Akanigusa paji la uso, pengine alidhani nina homa. Mkono wake ulikuwa umetoka kunawa mtoni, baridi, umelowa. Mmeshawahi kushika mgomba asubuhi? Ndivyo ulivyokuwa.

Akakaa na ungo anapepeta unga. Moto unamwangaza upande mmoja. Alipogeuka kunitazama, midomoni mwake kumejaa pumba.

Zilipepea tu, jamani, zile pumba nyepesi za mahindi, zikamrukia usoni! Leo nacheka. Siku ile nilijikojolea pale pale nilipokaa, na sikuthubutu kulia asije akajua kuwa nimemjua. Akanipa ugali, sikuugusa. Akanitandikia nilale ubavuni mwake kama siku zote, nikajikunyata ukutani, nikaweka mtungi kati yangu na yeye. Nikawa najisemea, huyu ni mgomba. Mama yangu yuko ng'ambo, analima shamba la watu, ulimi hana, na mimi tu ndiye ninayejua.

Asubuhi mapema yule niliyemwita mgomba akaenda mtoni kuchota. Nikachukua chumvi kwenye kifuu, konzi nzima, nikaifunga kwenye pindo la kipande changu cha kanga, nikatoka. Namfuata mama yangu kule ng'ambo.

Nilivyoogopa njia ile sijaogopa tena, na nimezaa watoto, na nimefiwa. Nilikuwa sijawahi kushuka lile bonde peke yangu. Kuna mahali unavuka mto juu ya gogo, mama alikuwa akinishika kwapa. Nikavuka kwa tumbo, kama kinyonga. Ng'ambo nikaanza kuparamia, na ndipo ukungu wa kwetu ukashuka.

Asiyeujua ukungu wa Uluguru asidhani ni moshi moshi. Unakuja kama mtu anafunga mlango. Nilikuwa naona mgomba mbele yangu, mara siuoni. Naona mkono wangu, kidogo tu. Ikaja na mvua ya manyunyu, kanga ikalowa, nikashika pindo nikakuta kumebaki kifundo cha maji. Chumvi imekwisha. Hata nikimpata mama, nitamrudisha na nini?

Nikakosea njia. Nilidhani napanda kumbe nakwenda ubavuni, kule ambako udongo ulishaporomoka masika yaliyopita. Mguu ukateleza, nikashuka kwa makalio, nikadaka kishungi cha majani. Jiwe nililolisukuma likaendelea na safari. Nikasikiliza lifike chini. Nikasikiliza. Sikulisikia.

Huko nyumbani kelele zilishaanza. Mama karudi na maji, mtoto hayupo, na sauti ya kuniita hana. Fikirieni, mwanamke wa kule ambaye kumwita mtu ndiyo miguu yake ya pili, mwanawe kapotea na yeye koo limefunga. Akachukua debe la kufukuzia ngedere, akashuka nalo bonde analigonga. Mjomba naye akapanda jiweni na lile lidarubini lake kubwa anitafute. Bibiana alinihadithia baadaye. Mjomba anatazama, anafuta, anatazama, haoni kitu, unyevu umeshaingia ndani ya vioo huko usikofika mkono. Shingo nayo haigeuki. Ndiyo mana pale dukani, Imelda alipoomba kijana amletee nyingine, yenye gamba la mpira, isiyoingiza maji wala ukungu, nilisema hiyo hiyo mwanangu, chukua, usiangalie ukubwa wala sifa. Ikachukuliwa hiyo.

Mimi huku niko kwenye majani yangu. Nikasikia debe. Ngo, ngo, ngo. Linakaribia. Sisikii mtu anayeita, debe tu. Watu wa kwetu wakimtafuta mtu wanaita jina, sasa huyu nani asiyeita? Nikajua. Anayekuja hana ulimi.

Ukungu ukafunguka kidogo juu yangu akatokea. Kalowa chapachapa, kilemba kimedondoka, nywele zimesimama, matope mpaka mapajani. Akaniona. Akafungua mdomo vile vile kama nilivyomwona kwenye darubini, mpana, mishipa imesimama, sauti hakuna. Akaacha debe likabingirika, akaanza kunishukia mikono mbele.

"Usinishike!" nikapiga yowe. "Usinishike! Namtaka mama!"

Nikajivuta nyuma, na yale majani yakatoka na mizizi yake, nikashuka tena kidogo. Mguu mmoja haukuwa na kitu chini.

Akasimama. Nilimwona usoni, na mpaka leo nikifumba macho nauona uso ule. Alielewa kuwa mwanawe anamwogopa yeye. Hakujua kwa nini. Na hana neno la kusema. Akija nitaanguka, akikaa nitaanguka. Tukatazamana vile, mvua inatunyeshea wote wawili.

Halafu akafanya jambo. Taratibu, kama mtu asiye na haraka duniani, akanigeuzia mgongo. Akachuchumaa pale pale kwenye tope, akaurudisha mwili kwangu, akapeleka mikono nyuma, akajipigapiga kiunoni. Papa, papa. Papa, papa. Hakugeuka kunitazama.

Nani asiyekujua kujipigapiga huko? Kila mtoto aliyebebwa anakujua. Ni "njoo upande". Alikuwa ameacha kunibeba tangu nimekuwa mkubwa, alikuwa anasema nimekuwa gunia. Mimi sikufikiri msukule, sikufikiri mgomba. Mwili ulikwenda wenyewe. Nikatambaa kwa tumbo, kucha zimejaa udongo, nikafika, nikapanda, nikamkaba shingo. Mikono yake ikanifunga chini ya makalio, kwa nguvu mpaka ikaniuma.

Akasimama, akaanza kupanda. Nikalaza shavu mgongoni mwake, kwenye ile nguo iliyolowa, sikio limebanwa pale katikati ya mabega. Na humo ndani nikasikia kitu. Kinanguruma kwa mbali, kinakwaruza, kinakatika, kinaanza tena. Nje ya mdomo hakikuwa kinafika, lakini humo kwenye mbavu kilikuwepo, nikaanza kunasa maneno moja moja. Mtoto gani wewe. Nani kakutuma. Ungekufa. Hebu ngoja tufike nyumbani. Utanitambua leo.

Kulikuwa na mtu humo ndani, anagomba. Yumo.